Pedali Nyekundu na Utepe Mweusi

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeinunua! Pedali ya priampu, nyekundu, nzito kama tofali. Kazi yake kuipa nguvu sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye amplifaya. Miaka tisa napiga gitaa la pili kwenye bendi hii, nyuma kabisa, ubavuni mwa ngoma. Jumamosi, harusini, kiongozi ataamua nani awe mpiga solo: mimi au Vidole, aliyejiunga juzi tu. Mke wangu kauliza kwani gitaa lilikuwa na kasoro gani. Nimemwambia haya ni mambo ya kitaalamu. Kacheka.

Jumanne, 7 Oktoba
Mazoezi. Gitaa kwenye pedali, pedali kwenye tundu la mbele la amplifaya, vyote nikafungulia mpaka mwisho. Lahaula! Spika ikalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Mpiga besi katoka mbio. Fundi mitambo kasema amplifaya ina priampu yake ndani, kwa hiyo natia chumvi mara mbili. Eti nichomeke tundu la nyuma, linaloiruka hiyo ya ndani. Ushauri mtamu! Ila huyu fundi ni shemeji yake Vidole. Kikulacho ki nguoni mwako. Nyuma sichomeki ng'o.

Alhamisi, 9 Oktoba
Vidole kaichungulia pedali mara mbili. Kisha kauliza, kwa upole wa kinafiki, kama pedali yangu ya zamani, ile ya mwangwi, naiweka kabla yake au baada. Nimemjibu inategemea hali ya hewa. Alipogeuka tu nikabandika utepe mweusi juu ya maandishi yote: pa kuingilia, pa kutokea, kila tundu. Aige sasa! Nyumbani hakukaliki. Nazunguka sebuleni tu. Mke wangu kasema amemwalika mama yake aje asikie solo. Mama mkwe, anayeamini kazi yangu ni kubeba magitaa ya watu!

Jumamosi, 11 Oktoba
Aibu gani hii! Dakika tano kabla ya kupiga, sikumbuki tundu lipi la kuingilia, lipi la kutokea. Nikabandua utepe. Ukatoka na maandishi yake. Nikachomeka hivi, kimya. Vile, kimya. Ya mwangwi mbele, ya mwangwi nyuma, kimya. Mama mkwe meza ya kwanza, mkoba mapajani, ananikodolea macho. Kiongozi kaanza kuhesabu. Hapo Vidole, Vidole mwenyewe, kang'oa nyaya zangu zote, kachukua waya mmoja, gitaa moja kwa moja mpaka kwenye amplifaya, kanisukuma mbele kwa bega.
Nilipiga. Jamani, nilipiga! Bibi harusi kainuka kucheza. Mama mkwe kapiga makofi, manne. Machozi yalinitoka, nikasingizia jasho.

Jumapili, 12 Oktoba
Kiongozi kaja nyumbani. Solo ni yangu, kwa sharti moja: lile dude jekundu lisionekane tena jukwaani. Kasema Vidole ndiye aliyenipendekeza. Nimeshukuru sana.
Alipoondoka nikawaza. Vidole alikuwa na haraka gani ya kuing'oa? Aliiogopa! Na kiongozi kasema lisionekane. Hakusema lisichomekwe. Mchana kutwa nimeshinda na bisibisi, nimefungua mgongo wa amplifaya. Ndani kuna nafasi ya kuificha, hata pedali mbili zinaenea. Muuza vyombo vya muziki anayo nyingine, nyeusi, kaniwekea mpaka kesho. Matundu ya hii nyekundu nimeshayabandika utepe.