Wageni Wawili kwa Kila Kitanda

Mtaa wa Wafua Shaba,
Jumatatu, 11 Novemba 2019

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Hospitali ya Wilaya,

Nimemwahidi mama kwamba nitakueleza yote, hata yanayotuaibisha.

Bibi yangu, Rupa Caldarar, amelazwa wodi namba nne. Alhamisi anatakiwa kupasuliwa atolewe mawe kwenye nyongo, lakini karatasi ya kukubali upasuaji hajaitia kidole. Asipoitia, atarudishwa nyumbani na maumivu yake. Kwa hiyo tunalalamika kama ifuatavyo:

1. Mnaruhusu wageni wawili tu kwa kila mgonjwa. Sisi tuko arobaini na mmoja. Kwetu mtu akiugua ukoo mzima unakwenda, na asiyeonekana huulizwa miaka mingi baadaye alikuwa wapi. Tuchague wawili kwa kipimo gani? Jumamosi Mjomba Gogu aliachwa nje na sufuria yake ya kabichi ya nyama, akanuna mpaka jioni.

2. Mlinzi wenu, Bwana Sandu, alituuliza, "Nyie mmekuja hospitali au harusini?" Shangazi Safta akamjibu, "Ingekuwa harusi, baba, saa hizi ungeshashiba." Naomba radhi kwa jibu hilo. Hata hivyo, alikula.

3. Kitanda cha pili yupo Bi Veturia, ambaye kwa siku tisa hajatembelewa na mtu. Hizo ni nafasi mbili zinazopotea kila siku. Jana Mjomba Gogu alijiandikisha kuwa mgeni wake. Bi Veturia alimaliza kabichi, akacheka mpaka mshono ukamuuma, kisha akauliza, "Na kesho unakuja?"

4. Basi tunaomba mtugawe kwa wagonjwa wapweke, wawili wawili. Nimepiga hesabu: tunahitaji vitanda ishirini na kimoja, na wodi ina sita. Tafadhali ongezeni wagonjwa kumi na watano wasio na ndugu. Nafasi moja itakayobaki tumempa Bwana Sandu.

Wasalimie wauguzi wote na Bi Veturia. Bwana Sandu naye msalimie, umkumbushe kurudisha sufuria ya mjomba.

Mwenye heshima kwako,
Zamfira Caldarar, darasa la sita

Nyongeza: Nikiwa nafunga bahasha, Bibi amepiga simu. Amesema, "Zamfira, mjukuu wangu, hao wote wakae nyumbani! Mimi ndiye niliyemwomba Sandu awazuie, angalau nipate usingizi. Ila karatasi hii siitii kidole mpaka unisomee wewe. Daktari anaisoma mbio kama anafukuzwa na mbwa."

Bibi hajui kusoma. Tangu nilipokuwa darasa la pili, mimi ndiye ninayemsomea kila karatasi. Lakini mlangoni kwenu pameandikwa kwamba walio chini ya miaka kumi na minne hawaingii, nami nina kumi na miwili. Nasoma polepole, na sitakuja na sufuria.

Naomba unijibu kabla ya Alhamisi: je, mtaniruhusu niingie peke yangu?