Bosi Halali Bila Injini

Jumatatu, tarehe 6 Juni

Meli bado iko nje ya bandari. Naiona dirishani, imekaa tu, kama mgeni aliyeambiwa asubiri mlangoni. Ndani yake zimo pikipiki tatu. Ya nne ni ya mume wangu, iko hapa uani nyuma ya gereji, mabegi yameshafungwa pembeni. Zile tatu zikishuka, msafara unaanza. Miezi saba! Mwenye msafara ni Mwalimu, aliyestaafu kufundisha jiografia, pamoja na wenzake wawili. Anataka kuiona kwa macho mito aliyoifundisha ubaoni maisha yake yote. Mume wangu anakwenda ili pikipiki zisife njiani. Mtaa mzima unamwita Fundi. Na mimi pia.

Niliposema sawa aende, mwanetu Bosi alikuwa bado analala kama watoto wa watu. Sasa ana miezi kumi na halali bila injini. Baba yake anamfunga kifuani kwa shuka, anapanda pikipiki iliyosimama, anawasha, injini inanguruma taratibu. Kabla hujamaliza kukunja nepi, mtoto kalala. Nikijaribu mimi, ananikodolea macho kama nimeiba.

Siwezi kumwambia Fundi asiende. Nikimwambia atabaki, halafu nitaishi na uso wa mtu aliyebaki. Bora safari ichelewe yenyewe. Au isaidiwe kuchelewa.

Jumanne, tarehe 7

Habari mbaya. Meli inapata gati Ijumaa.

Wifi amewasili na begi lake, eti kunisaidia. Ni dada mkubwa wa Fundi. Amelea wanne, na kila sentensi yake inaanza na "mimi wangu". Wake hawakulia. Wake walikunywa uji wakashukuru.

Fundi alipokwenda bandarini kuulizia, nikachukua spana, nikang'oa plagi ya injini, nikaizika kwenye debe la unga wa uji. Kazi safi.

Mchana Bosi akataka usingizi wake. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba injini tunayo moja tu. Alilia mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna msiba. Fundi akainama, akachungulia, akasema ajabu, plagi haina miguu. Akafungua begi, akatoa nyingine. Anazo boksi zima. Anasafiri miezi saba, angekosaje? Kumfichia fundi plagi ni kama kumfichia muuza duka chumvi.

Nimepata nini? Kichwa kinauma. Na mtoto nimemliza bure.

Jumatano, tarehe 8

Wifi kaamka mapema, kapika uji.

Nilipokaa mezani nikakuta plagi kando ya kikombe changu, imefutwa ikang'aa. Mbele ya Fundi hakusema kitu. Tulipobaki wawili karoni akaniuliza kwa upole kama kwetu uji tunautia chuma kuongeza damu. Nikasema lazima ilianguka. Akasema ndiyo wifi yangu, ikaanguka, ikajifukia, ikajifunika na kifuniko.

Mchana Fundi alichelewa kurudi. Nikamkuta Wifi amekaa kwenye kigoda na Bosi mapajani, anamnong'onezea sijui nini puani puani. Hakuna injini, hakuna chochote. Bosi amelala, mdomo wazi.

Nilipaswa kushukuru. Nikaangusha sufuria.

Wifi akaniangalia. Akasema mikono yako imechoka mama, kalale. Alijua. Nilitamani anitukane. Ningekuwa na la kujibu.

Alhamisi, tarehe 9

Nimekwenda kwa Mwalimu. Amepanga chumba karibu na geti la bandari, kitanda chote kimefunikwa ramani, sijui yeye analala wapi. Nikamwambia Fundi ana kizunguzungu. Kwamba huwa anadondoka. Kwamba anaficha, wanaume wana kiburi.

Mwalimu akavua miwani. Akasema mwanangu, umemwokoa mtu. Atatafuta fundi mwingine. Akanisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono kama mkwe wake.

Nilirudi mwepesi kama karatasi.

Jioni Fundi akaingia uani, akaanza kufungua mabegi ya pikipiki. Kamba moja moja, bila haraka, akizikunja vizuri kama za kurudisha dukani. Hakulaumu mtu. Alisema tu Mwalimu kasikia kwamba anaumwa, sijui kasikia wapi. Nikasema watu wana midomo. Akaniuliza kama anaonekana mgonjwa.

Nikasema kidogo.

Akaenda kujitazama kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki. Akavuta shavu chini, akakagua jicho. Mungu anisamehe. Nilichotaka nimekipata, na sikitaki hata kukitazama.

Ijumaa, tarehe 10

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata mtoto akue. Asubuhi nilimbeba Bosi mgongoni nikarudi kwa Mwalimu, nikasema yote. Kizunguzungu, plagi, hata sufuria.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akasema darasani kwake mtu kama mimi angesimamishwa kona, lakini wanafunzi wa kona ndio anaowakumbuka majina. Kwa Fundi hatasema. Atasema alipewa habari potofu.

Na akataka kumfuta Fundi machozi. Meli imefika gatini, lakini forodha hawatatoa mizigo kabla ya Jumatatu. Pikipiki ya Fundi iko tayari. Basi Fundi apewe heshima ya kutangulia peke yake, akague njia. Kesho.

Kwa hiyo nimemrudishia safari yake, na siku zetu mbili za mwisho nimezichoma kwa mkono wangu.

Fundi amefunga mabegi upya huku akiimba. Anaimba vibaya. Muda mrefu sikuwa nimemsikia.

Neno la kumuaga ninalo. Nimelichagua wiki nzima, nikichambua mchele, nikifua. Nataka ajue naogopa, na bado namruhusu. "Nenda moyo mweupe, sisi tupo." Basi. Nitalisema kesho pale uani, akishavaa kofia yake ngumu. Wifi akaniambia niliseme leo, neno jema likisemwa mapema halichachi. Nikamjibu yeye hajui mambo yetu.

Jumamosi, tarehe 11

Siandiki vizuri, karatasi inalowa.

Asubuhi Fundi alitaka kumlaza Bosi mara ya mwisho. Akamfunga kifuani, akapanda, akawasha. Akaniita nikae nyuma yake, tuwe watatu. Nikakaa. Nikaweka shavu mgongoni kwake. Koti lina harufu ya grisi na ya sabuni ya mtoto. Nikajiambia akizima injini, nitasema.

Niliamka kitandani. Nimevuliwa viatu. Jua limeshafika ukutani kule kwenye kalenda. Bosi yuko macho kando yangu, anatafuna kona ya mto.

Nikakimbilia uani pekupeku. Doa la mafuta chini, basi.

Wifi alikuwa anaanika nguo. Alisema Fundi aliniita mara mbili, taratibu, kama mtu asiyetaka kuitikiwa. Kisha akanibeba ndani. Fundi alisema mwacheni, hajalala tangu mtoto azaliwe. Alisema kumbe siku zote Bosi ni kisingizio, asiyelala bila injini ni mama yake.

Wifi hakuongeza la "mimi wangu". Akanipa pembe moja ya shuka, tukalikamua pamoja.

Jumapili, tarehe 12

Fundi amepiga simu kutoka kituo cha kwanza. Njia nzuri, vumbi tu. Akauliza kama nimekasirika.

Neno lilikuwa hapa, ulimini. Nikasema pikipiki inavuja mafuta, nimeona uani. Akasema ameona. Nikasikia upepo wa huko. Akauliza Bosi analalaje. Wifi alikuwa amemlaza muda si mrefu, anakoroma kama mzee. Nikasema halali kabisa, anakulilia. Fundi akashusha pumzi, kisha simu ikakatika.

Nimekaa na simu mkononi. Neno moja, na nimeshindwa kulisema hata mtu akiwa mbali. Kwenye simu haliwezekani. Linataka ana kwa ana.

Nimefikiri. Kesho Mwalimu na wenzake wawili wanatoa pikipiki zao bandarini. Watazilaza hapa uani kwetu, waondoke Jumanne. Boksi la plagi za akiba kaondoka nalo Fundi. Pikipiki zikigoma kuwaka, watamwita nani? Itabidi arudi, japo kwa siku moja. Na safari hii nitakuwa macho.

Debe la unga nimeshalihamishia chini ya kitanda. Wifi ana tabia ya kuamka mapema.