Dainamo ya Marehemu Mahmoud

Masinde alikuwa fundi wa pikipiki jinsi fisi anavyoweza kuwa mchungaji wa mbuzi. Mwaka wa tisini na sita alikuwa na kibanda karibu na steji ya Mumias, mjini Kakamega, na siku alipomwona Bi Zuena akiegesha BSA, pikipiki ya marehemu mumewe Mahmoud, moyo ulimruka. Daktari mmoja wa Kisumu, mpenzi wa pikipiki za enzi ya mkoloni, alikuwa amemwahidi donge nono akimpatia BSA yenye taa inayowaka. Isiyowaka hakutaka hata kuisikia.

"Taa imefifia, mwanangu," alisema Bi Zuena, mjane wa Mumias ambaye aliendesha pikipiki mchana kweupe mpaka watu wakachoka kumsema.

"Ni dainamo, mama. Keti kivulini."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: dainamo aliihudumia. Aliifungua, akaipangusa kwa petroli, akasugua shaba yake kwa msasa mpaka ikang'aa, akatia grisi. Beringi ilipokataa kutoka aliitandika nyundo, dawa yake ya kila ugonjwa. Akiirudisha, akapenyeza kipande cha karatasi ya sigara chini ya makaa, vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme. Akapiga kiki. Injini ikanguruma, taa ikabaki kipofu.

"Pole, mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Makaa yamekwisha."

Bi Zuena alivuka barabara, akarudi na gunia la makaa ya kupikia.

"Haya yatatosha?"

Osiako, jirani aliyechomelea vyuma, alicheka hadi akaketi chini. Masinde alishika nguzo ya kibanda asianguke. Mjinga wa kiwango hicho hutumwa na Mungu, na Masinde hakuwa mtu wa kukataa riziki.

"Ukweli usemwe, mama, hii ni maiti. Lakini nakuonea huruma. Niachie, nikupe kitu kidogo."

"Pesa sitaki. Nipe hiyo yako nifike nyumbani."

Yake ilikuwa Honda, kitu pekee maishani alichokipata kwa jasho. Alisita. Kisha akamkumbuka daktari, akaona pesa za Honda mbili. Osiako akawaandikia karatasi: kila mmoja amepokea pikipiki jinsi ilivyo, kwa hiari yake. Wakabadilishana pia logbook, vitabu vya umiliki. Honda ikaondoka na Bi Zuena na gunia lake.

Masinde alitoa karatasi ya sigara huku akipiga mluzi. Akapiga kiki. Giza. Akafungua tena, akafunga. Giza. Siku tatu alifungua na kufunga. Jumamosi daktari alikuja, akaitazama taa, akasoma logbook, akarudi garini mwake. Msidhani Masinde hakuumia. Aliketi juu ya tairi kuukuu na machozi yakamlengalenga.

Jumatatu Bi Zuena alishuka kwenye matatu, jogoo kwapani.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Alikufa kweli, mama. Nirudishie Honda yangu."

"Si tuliandikiana, mwanangu? Lakini nakuonea huruma. Chukua huyu jogoo, mimi nikaizike hii maiti."

Masinde aliona heri kuku kuliko chuma bubu. Akakubali.

"Siku hizi mnanifanyanga karani," Osiako alinung'unika, akaandika karatasi ya pili.

Bi Zuena aliazima betri ya redio ya Osiako, akashika waya, akaigusisha dainamo kufumba na kufumbua. Cheche ikaruka. Akapiga kiki, na taa ikammulika Masinde usoni.

"Ndani mna sumaku kidogo," alisema. "Ukigonga nyundo inalalanga, mpaka uiamshe na betri. Mahmoud akiifungua, mimi ndiye nilikuwa nashikanga waya."

"Kwa hivyo ulijua?"

"Ile karatasi ya sigara niliiona. Lakini nyundo ndiyo ilinifurahisha."

"Na daktari..."

"Jina la Mahmoud si liko kwa logbook? Alikuja nyumbani kuniuliza. Ananingoja hapo mbele na pesa zake."

Masinde alitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwake Lurambi. Mkewe, Maurine, alimtazama, akamtazama jogoo.

"Honda iko wapi?"

"Chinja hii ingokho haraka. Kuna mgeni anakuja."

"Mgeni gani?"

Masinde akafungua mdomo. Huyu ndiye aliyekuwa na uongo wa kila saa ya mchana, na sasa hakupata hata mmoja.