Kava ya Wifi Mbele ya Mwanga

Jumatatu, 4 Machi
Mkaguzi anakuja Alhamisi na mashine yake ya mwanga. Kava yetu, mizizi tunayotwanga iwe kinywaji cha kulegeza mwili, ikipita, shamba litaingia kwenye orodha ya wanunuzi, na mume wangu Robsen hatarudi tena New Zealand kuchuma matufaha ya watu. Isipopita, jina linafutwa misimu miwili. Mwanetu Leinasei ana miezi kumi na moja, baba yake anamjua kwa simu tu.

Shamba aliniachia mama mkwe, na marehemu alipanda kila mche aliopewa. Nitajuaje kama hamna ile kava ya siku mbili, inayomlaza mtu siku mbili akitapika?

Jumanne, 5 Machi
Nimemsaidia wifi Leimara kutwanga yake. Kaniambia, "Wifi, ya kwako hata nguruwe ataitema. Yangu safi tangu enzi za babu."

Safi. Basi alipoinuka kugeuza mikeka, nikachota vikombe viwili, nikafunga kwenye nepi ya mtoto. Nepi ilikuwa safi pia.

Alhamisi, 7 Machi
Sijala tangu jana. Mkaguzi, Bwana Marik, aliloweka kwenye dawa unga niliompa, ule wa kwenye nepi, akatia maji yake kwenye kichupa, akapitisha mwanga. Alisema kila kava humeza sehemu yake ya mwanga, na mashine husoma kilichomezwa.

Yangu ikasomeka kava ya siku mbili. Nikisema ni ya wifi, mimi mwizi. Nikinyamaza, mimi mlaghai. Nikachagua ulaghai. Wifi akacheka: "Si nilikwambia?"

Ikaja zamu yake. Bwana Marik akatazama namba, akatutazama sisi. Akasema hizi mbili ni mapacha. Wifi akaacha kucheka. Akaitazama nepi begani kwangu, bado ina vumbi la kava.

Ijumaa, 8 Machi
Bwana Marik anampa kila mtu nafasi moja zaidi, ila mizizi anachimba mwenyewe. Amechimba mstari alioupanda mama mkwe. Nimemshika mtoto kwa nguvu mpaka akalia.

Jumamosi, 9 Machi
Imepita. Yote ya mama mkwe ni safi, mche kwa mche. Nimempigia Robsen, tumelia wote. Wifi hasemi nami.

Ila mashine itarudi mwakani, na hofu imeshaanza. Kwa wifi sichoti tena, nimekoma. Nitachota kwa jirani yetu, mzee Kalsong. Yule anasali, yake lazima iwe safi.