Mzee Shija Ana Mimba ya Miezi Minne

Jumanne, 6 Machi 2001
Mzee Shija, mfugaji wa Pito, ana mimba ya miezi minne. Ametangaza mwenyewe leo asubuhi, hapa duka la dawa za mifugo, akisoma kadi yake ya chanjo kwa sauti. Mteja: Kadogo. Jinsia: jike. Hali: mimba, miezi minne. Kadogo ni ng'ombe wake. Kadi imetoka kwenye programu yangu, kwa hiyo akaniuliza kama baba ni mimi. Duka zima kicheko! Nikamwambia shikamoo.

Kosa dogo. Obed, mwenzangu wa kompyuta, huandika kila sifa mstari wake: jina la mfugaji, jina la ng'ombe, umri wa huyu, umri wa yule. Ni kuchambua ulezi punje moja moja! Mimi nazimwaga sifa zote za mtu na za ng'ombe kwenye kapu moja, na programu inazipeleka zenyewe kwenye kanzidata. Sifa mbili zikiwa na jina moja, ya mwisho hufuta ya kwanza. Ng'ombe aliingia wa mwisho.

Mama Albina, mwenye duka, amesema kadi za Ijumaa zikikosewa tena, kompyuta anapewa Obed, mimi nauza kamba.

Jumatano, 7 Machi
Nimepata dawa! Mtu aingie wa mwisho. Obed kachungulia, akasema sasa nitawaozesha ng'ombe. Wivu. Nimechapa kadi zote bila kuzisoma. Anayejiamini hasomi.

Ijumaa, 9 Machi
Joshoni Pito, matope. Kadi ya Kadogo: Shija, dume, miaka 61, hali: wake wawili. Chanjo hii ni mwiko kwa ng'ombe mwenye mimba. Hellena, daktari wa mifugo, aliona "dume", akainua sindano. Mzee Shija akamdaka mkono, akamwuliza, binti yangu, tumbo hili ni la pombe? Ndama amenusurika. Hellena kafunga sanduku. Mifugo yote imerudi bila chanjo.

Jumamosi, 10 Machi
Nauza kamba. Obed katenga kapu la mtu na kapu la ng'ombe. Ushamba!

Mimi nimegundua kasoro: wawili wale, mtu na ng'ombe, waligombana kwa kukosa msuluhishi. Nimeongeza wa tatu humo humo kapuni: dawa. Nayo ina jina, nayo ina umri. Mwenye duka mmoja wa Namanyere ameniita Jumatatu saa nne, niende na kadi zilizokwisha kuchapwa.