Kichwa Nilichobandikiwa Ukutani

Kwa Meneja wa Kiwanda cha Sare,

Ndugu Meneja,

Salamu nyingi zikufikie huko ofisini kwako, kwenye feni inayozunguka. Mimi ni mkata vitambaa wa meza ya pili, huu mwaka wa kumi na tisa, na sijawahi kukusumbua kwa barua. Leo nalazimika kwa sababu ya yule mtaalamu wa takwimu uliyemleta, ambaye sisi tunamwita Mchora Sura. Amekusanya madaftari yetu yote, na badala ya kuandika namba kama watu wengine waliosoma, amemchorea kila mfanyakazi kichwa. Vichwa arobaini, bila majina (majina anayo yeye, na kila mtu amemwonyesha chake), vimebandikwa ukutani karibu na mlango, eti ili uone mambo matano ya mtu kwa kumtupia jicho mara moja. Nasikia Ijumaa utasimama mbele ya ukuta huo na kuchagua msimamizi wa meza zote. Cheo hicho nimekisubiri tangu sijaota mvi, na naumia sana kukikosa kwa sababu ya katuni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Masikio ni siku ambazo mtu hakufika kazini. Yangu yamefika mabegani. Ndugu Meneja, siku zile kumi na moja nilikuwa hospitalini, kando ya kitanda cha mama yangu mzazi, nikimlisha kwa kijiko. Mtu anayemuuguza mama yake hupewa pole, hapewi masikio ya punda.

2. Macho ni umakini: ukikosea kukata, yanapungua. Mimi nimebakiziwa nukta mbili. Ni kweli zile suruali sitini zilitoka na miguu miwili ya kushoto. Lakini mimi nilikata mara moja tu. Vitambaa ndivyo vilivyokuwa vimepangwa sitini, kimoja juu ya kingine.

3. Nyusi ni kuchelewa. Zangu zimepanda mpaka nje ya kichwa, naonekana mtu anayeshangaa kila siku kwamba kumekucha.

4. Mdomo hupinda chini kadiri wateja wanavyolalamika. Mimi ndiye mcheshi kuliko wote kiwandani, muulize mlinzi. Halafu mpiga pasi, ambaye hata salamu haitikii, amechorewa tabasamu la bwana harusi kwa kuwa tu hakuna mteja aliyemshtaki. Hiyo ndiyo elimu tuliyoagiziwa kutoka makao makuu.

5. Upana wa uso ni kazi iliyokamilika. Wangu ungepita chini ya mlango.

6. Leo ni ukutani. Kesho vichwa hivi vitawekwa kwenye vitambulisho, na keshokutwa mlinzi atanizuia getini kwa kuwa sifanani na masikio yangu. Naomba ukuta upakwe rangi kabla ya Ijumaa, Mchora Sura arudishiwe penseli zake, na namba zirudi madaftarini, zilikokuwa zimetulia na hakuna aliyezisoma.

Msalimie mkeo, katibu wako na wote wa ofisi ya juu. Mpiga pasi usimsalimie, hataitikia.

Wako mtiifu, mwenye masikio ya kawaida,
Mkata Vitambaa, Meza ya Pili

Nyongeza: Leo sikuweza kuja kazini, kwa hiyo nilimtuma mama alete barua hii. Amerudi nayo, maana mlinzi alitaka iwe kwenye bahasha, na njiani ameisoma. Sasa amekataa kuirudisha huko kiwandani mpaka niongeze maneno yake. Anauliza alilazwa hospitali gani, na alikuwa anaumwa nini. Anasema pia kwamba alipofika mlangoni aliviona vile vichwa arobaini, na bila kuambiwa na mtu akaenda moja kwa moja kwenye changu. Anaomba ukikibandua umpe yeye akitundike sebuleni, kwa sababu tangu anizae hajapata picha iliyonitoa vizuri namna ile.