Saa Sita Zilizorudi Nyuma Salale

Jumatatu, 22 Agosti 1994
Butwaa tangu asubuhi. Karatasi iliyofungia karanga zangu sokoni Kibiti ni ya gazeti la sayansi. Inasema dunia ina pande zaidi ya urefu, upana na kimo. Nyingine zimekunjwa ndani, kama ukindu kwenye mkeka. Umbo la mikunjo hiyo ndilo linaloulazimisha wakati kwenda mbele tu, kama mteremko unavyoulazimisha mto. Hapo karatasi imechanika. Nimemalizia mwenyewe: Salale, mto unapoingia baharini, maji yakijaa mto hurudi nyuma. Basi na wakati! Ijumaa mkaguzi wa shule anachagua kati yetu walimu mmoja mwenye onyesho bora akasome Dar. Zefania wa jiografia anafinyanga volkano. Maskini.

Jumatano, 24 Agosti
Salale, kwa mtumbwi. Nimetapika mara mbili. Nimelinganisha saa mpya ya mezani na hii ya mkononi, sekunde kwa sekunde. Nimeiacha dirishani kwa Bi Mwanaharusi, mkulima wa mpunga, anayekaa mtoni kabisa. Nikamwomba aitunze. Akaapa kuitunza kama mwanawe.

Alhamisi, 25 Agosti
Nimefika saa nne asubuhi. Mshale wangu uko kwenye kumi, kama kawaida. Wa saa ya dirishani uko kwenye nne. Imerudi nyuma saa sita kamili! Nimekaa kwenye tope na suruali ya kazini.

Ijumaa, 26 Agosti
Nilimleta Bi Mwanaharusi shuleni awe shahidi. Nikaeleza mikunjo, mkaguzi akaandika. Kisha akamuuliza mama kama aliigusa ile saa. Akajibu ndiyo, mwanangu, ilikuwa inadanganya: ni saa moja asubuhi, yenyewe inaonyesha saba. Saa za marehemu mumewe, mwadhini, zilionyesha namba ile ile inayotamkwa: saa moja, mshale kwenye moja. Nami si nilimwomba aitunze? Akaitengeneza. Zefania alicheka hadi akaiegemea volkano, ikabomoka. Wamemchagua hivyo hivyo.

Jumamosi, 27 Agosti
Nimeumia. Dar niliitaka mno. Ila kosa nimeliona: si nadharia, ni mahali. Mshamu muuza samaki anasema kwao Mloka kuna sehemu maji ya mto huzunguka papo hapo. Yaani huko wakati umesimama. Kesho naenda kuitundika saa juu ya dungu la kulindia shamba, Bi Mwanaharusi yeyote asiifikie. Mshamu amenionya kuhusu nyani. Nimemjibu kwamba nyani hawajui kusoma saa.